Dondoo Muhimu: Kuchora Ndege na Mandhari ya Kariokor

Msanii atakaye kuchora Kariokor, mtaa wa Nairobi uliorithi ardhi na jina lake kutoka kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, yafaa awasili kabla ya saa mbili asubuhi, kwa kuwa hapa karibu na ikweta jua hupanda kwa haraka, na likifika utosini huviua vivuli ambavyo ndivyo viipavyo picha umbo.

Aanze na mwewe, azungukaye juu ya soko akivizia mabaki ya nyama choma. Asijishughulishe na manyoya, bali autazame mkia wenye panda, unaopinda huku na huku mithili ya usukani wa jahazi, aunase kwa mistari michache ya penseli kabla ya kugusa rangi. Korongo mfuko-shingo ni sahali zaidi, maana husimama kitambo kirefu bila kutikisika. Ngozi yake ya waridi hupatikana kwa nyeupe, nyekundu na chembe ya manjano.

Mwezi wa Julai mbingu hufunga, na kijivu chake, kwa rai yangu, chaustahili mtaa huu kuliko buluu ya kadi za watalii. Kichanganywe kwa buluu na kahawia, wala si kwa nyeusi. Januari, vumbi likizidi, rangi zifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Wasusi wa vyondo na washonaji wa viatu waombwe idhini kabla ya kuchorwa, na akataaye aachwe.