SOMO: UKIAJIRIWA HOTELINI

Ukipata kazi ya hoteli au mkahawa hapa Kenya, kwanza shughulikia kibali cha kazi cha daraja M, ambacho ni cha wakimbizi. Bila kibali, mwajiri anapata fimbo ya kukutishia kila unapodai haki yako.

Pili, dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inautaka kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Mkifika mahakamani naye hana karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha masharti mliyopatana ni wake. Hata hivyo, andika katika daftari siku ulizofanya kazi na pesa ulizopokea. Una haki ya kupumzika siku 1 katika kila siku 7, na likizo ya malipo ya siku 21 za kazi baada ya miezi 12.

Wengi hudanganywa kwenye bahashishi: "Wageni watakupa, mshahara wa nini?" Mkataba nambari 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unasema mhudumu alipwe mshahara kwa vipindi maalum, apate bahashishi asipate. Unakataza pia kuuza nafasi za kazi. Anayeomba "chai" ili akuingize jikoni, mkatalie.

Chama cha wafanyakazi wa hoteli ni KUDHEIHA. Kujiunga ni haki ya kila mfanyakazi, Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010. Kukufukuza kwa sababu ya uanachama ni kuvunja sheria. Ukifika kazini, muulize mwenzako: mwakilishi wetu ni nani?