SOMO: TUWAJUE MAJIRANI WETU WAPRESBITERI



Katika vikundi vyetu, Mkatoliki na Mpresbiteri huweka akiba katika sanduku moja. Lakini neno dogo tu, "Mbona huyu hafanyi ishara ya msalaba?", laweza kuvunja kikundi kabla mkopo haujalipwa. Basi tujifunze.

Walitoka wapi? Wamisionari wa Uskoti walianza kazi Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Huko ndiko lilikochipuka Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA).

Wanaamini nini? Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kama sisi. Kwao Biblia ndiyo kipimo cha imani, na mtu huokolewa kwa neema, kwa kumwamini Kristo. Sakramenti zao ni mbili: Ubatizo, hata wa watoto wachanga, na Meza ya Bwana.

Wanaongozwaje? Hawana askofu. Washiriki huchagua wazee, nao hukaa na mchungaji kuamua mambo pamoja. Hapo tuna la kuiga: mwenyekiti asiamue mambo ya pesa peke yake.

Tujadili:
1. Je, sala yetu ya kufungua mkutano inamfaa kila mmoja?
2. Daftari la pesa hukaguliwa na nani?