Chombo cha Maji cha Kuku: Tuchague Kipi?

Somo letu ni juu ya kitu ambacho vikundi vingi hukisahau. Tunachanga pesa, tunanunua vifaranga, tunajenga kibanda, tunatafuta chakula. Halafu maji tunayatia katika karai lolote la zamani lililo karibu. Vifaranga wakianza kufa tunasema ni ugonjwa tu. Lakini hebu tujiulize: ugonjwa huo si ulitoka kwenye karai lile lile?

Hapa Fort Ternan tuko chini kuliko ndugu zetu wa Kericho mjini, na jua letu ni kali zaidi. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, na wakati wa joto huzidisha. Basi kuku 20 wanahitaji lita 5 au zaidi kila siku. Kuku aliyekosa maji hali vizuri, na mayai hupungua upesi.

Chombo kizuri kina mambo manne:

1. Kisiwe na kina kirefu. Kifaranga wa siku chache akitumbukia majini hajui kujitoa. Hata asipozama, kulowa na baridi vyaweza kumwua. Maji ya vifaranga yasizidi sentimita 2. Kama mna sahani pana tu, pangeni vijiwe safi ndani yake. Mdomo utafikia maji, mwili hautaingia.

2. Kisipinduke. Sahani nyepesi ikikanyagwa ukingoni, maji yote huenda kwenye maranda. Maranda yaliyolowa, pamoja na joto na kinyesi, ndipo vijidudu vya kuhara damu hukomaa. Tumieni chombo kizito, kama cha udongo, au kizuieni kwa matofali.

3. Kisiingiwe na kinyesi. Inueni chombo juu ya tofali mpaka ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku. Wakikua, ongezeni tofali. Kisikae chini ya mahali wanapolala.

4. Kisafishike kwa urahisi. Tairi lililokatwa ni imara, lakini uchafu hujificha ndani ya mikunjo yake. Chombo laini kisicho na ufa ni bora. Kioshwe kila asubuhi, kisuguliwe mpaka utelezi utoke, ndipo maji mapya yatiwe.

Jihadharini sana na mitungi iliyokuwa na dawa ya kupe au dawa ya magugu. Hata ukiiosha mara kumi, usiikate iwe chombo cha maji, ya kuku wala ya watu.

Kutengeneza chombo cha vifaranga

Tafuteni mkebe mgumu wa mafuta ya kupikia usiovuja, na sahani iliyo pana kuliko mdomo wa mkebe kwa sentimita 5 hivi. Ukingo wa sahani uwe na urefu wa sentimita 3. Toboeni tundu moja dogo kwenye mkebe, sentimita 2 kutoka mdomoni. Jazeni maji huku mmeziba tundu kwa kidole, funikeni kwa sahani, kisha pindueni vyote pamoja kwa haraka. Maji yatatoka mpaka yafunike tundu, halafu yatasimama, kwa sababu hewa haiwezi tena kuingia. Vifaranga wakinywa, mengine hutoka. Angalieni: tundu likiwa juu kuliko ukingo wa sahani, maji yote yatamwagika.

Siku ya chanjo

Chanjo nyingine ya kideri, yaani Newcastle, hutiwa katika maji ya kunywa. Siku hiyo chombo kiwe cha plastiki, safi, kisicho na sabuni wala dawa iliyobaki. Msitumie chuma chenye kutu. Maji yasiwe yametiwa klorini, maana klorini huua chanjo, na pesa yenu imepotea bure. Vyombo viwe vya kutosha ili hata kuku wanyonge wafike kunywa. Mfuateni mtaalamu wa mifugo kuhusu kipimo na saa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Vyombo tulivyo navyo sasa, ni vingapi vinatimiza mambo yote manne?
2. Nani huosha vyombo kila asubuhi? Siku akiwa mgonjwa au ameenda sokoni, nani humshikia zamu?
3. Tukipoteza vifaranga 10 kwa kuzama au kuhara damu, ni michango ya wanachama wangapi imepotea?

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama atengeneze chombo kimoja akilete. Kitieni maji mbele ya wote, mkiache mpaka mkutano uishe. Kikivuja, kirekebisheni hapo hapo, kabla vifaranga hawajafika.