Kujumlisha Visanduku vya Fomu kwa Kitanzi

Tuseme fomu ya duka ina visanduku vitatu vyenye class="bei", na mnunuzi amejaza 500, 200 na 300. Usiandike mstari kwa kila kisanduku, tumia kitanzi:

let jumla = 0;
for (const k of document.querySelectorAll(".bei")) {
  jumla += Number(k.value);
}

Hapa ndipo wengi hupoteza alama: value huleta maandishi, si namba. Ukiondoa Number, alama ya + huunganisha badala ya kujumlisha, nawe utapata 0500200300 badala ya 1000. Hebu fikiria mnunuzi akidaiwa hiyo! Kisanduku kitupu Number hukihesabu 0, lakini mtu akiandika "mia tano" kwenye kisanduku cha maandishi, jumla yote huwa NaN, yaani si namba.

Zoezi: Weka parseFloat mahali pa Number, kisha acha kisanduku kimoja kitupu. Jumla itakuwa nini? Eleza sababu.