Kutangaza difolti bila kuudanganya mtandao mzima

Ukitoka Kibosho kwenda Machame kwa gari, mara nyingi unashuka kwanza hadi barabara kuu kisha unapanda tena, maana kati ya mgongo mmoja wa mlima na mwingine kuna makorongo ya mito. Redio haina shida hiyo. Ndiyo maana fundi akipewa kazi ya kuunganisha ofisi ya Moshi mjini, shule ya Kibosho na zahanati ya Machame, hufunga redio kwa pembetatu, kila kituo kikiwaona wenzake wawili. Upande mmoja ukifa, data inazungukia mwingine. Kuchagua upande anaiachia itifaki, na kwa mtandao wa ukubwa huu OSPF inatosha kabisa. Toleo lake la 2, lililoelezwa kwenye RFC 2328 ya mwaka 1998, linapatikana kwenye karibu kila ruta ya maana.

OSPF itazijua njia zote za ndani yenyewe. Haijui njia ya kutokea nje. Hiyo ni njia ya chaguomsingi, ambayo mafundi tunaiita difolti, 0.0.0.0/0: pakiti yoyote isiyo na njia mahususi kwenye jedwali inapita hapa. Tuseme Moshi kuna faiba, na Machame kuna laini ya 4G ya akiba. Kibosho haina kitu, inategemea wenzake. Ruta ya Moshi inatakiwa iwaambie wengine, "Pakiti za nje, leteni kwangu." Swali ni iseme hivyo wakati gani.

Mimi nilijifunza kwa kuharibu. Niliwasha OSPF kabla faiba haijafika, difolti ikakataa kutangazwa, nikakuta neno always kwenye maelezo ya amri. Nikaliweka. Difolti ikatokea kote, nikakusanya vifaa nikaenda zangu. Masika yalipofika faiba ikakatika barabarani, na mwalimu mkuu akanipigia: "Fundi, habari za kazi. Huku taa zote ni za kijani, lakini hata meseji ya WhatsApp haitoki." Nikafuatilia njia kutoka Kibosho. Hatua ya kwanza, ruta ya Kibosho. Ya pili, ruta ya Moshi. Kisha Moshi yenyewe ikajibu kwamba haina njia ya kwenda huko. Wakati huo 4G ya Machame ilikuwa nzima, kifurushi kimejaa, haitumiwi na mtu.

Always maana yake ni hiyo: tangaza hata kama huna. Hakuna msimamizi wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, anayempa mtu wa chini zamu ya maji kabla ya kujua kama maji yameingia kutoka mtoni. Ruta yenye always inafanya hivyo mchana kweupe, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inamnyamazisha mwenye maji.

Kwa hiyo kwenye Moshi tumia tangazo lenye sharti. Kwa ruta za Cisco au zinazotumia FRR, ndani ya mipangilio ya OSPF andika hivi tu, bila neno lolote mbele:

default-information originate

Kwa MikroTik yenye RouterOS 7:

/routing ospf instance set [find] originate-default=if-installed

Sasa Moshi itatangaza pale tu difolti yake inapokuwa hai kwenye jedwali. Ikitoka kwenye jedwali, tangazo linafutwa, na majirani wanajua karibu papo hapo.

Machame weka tangazo lilelile lenye sharti, ila kazi yenyewe iko kwenye umbali, yaani namba ya kipaumbele ambayo ruta huipa kila njia. Njia uliyoiandika kwa mkono ina umbali wa 1, na ya OSPF ina 110. Ndogo ndiyo inayoshinda. Ukiacha difolti ya 4G na umbali wa 1, Machame itapitisha kila kitu kwenye kifurushi hata faiba ikiwa nzima, na itawatangazia wenzake pia. Ipe 200. Hapo, Moshi ikiwa inatangaza, difolti ya 110 inashinda na ile ya 4G inalala, haitangazwi. Moshi ikinyamaza, ya 200 inaamka na Machame inaanza kutangaza. Kama modemu inatoa anwani kwa DHCP, difolti inaingia yenyewe na umbali wa 1 bila wewe kuandika popote; kwenye MikroTik irekebishe kwa default-route-distance=200. Wengi wanasahau hapa, nami nimo.

Bado kuna tundu, na ndilo lililowaliza wengi. Difolti ya Moshi inaweza kubaki hai ilimradi waya una umeme. Faiba inaweza kukatika mbele kabisa huku kile kisanduku cha ukutani kinachopokea faiba kikiendelea kuitika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokwama. Siku kama hiyo getiwei ya mtoa huduma wako inajibu pingi vizuri tu. Kumpima jirani hakutoshi, pima kilicho mbali. Kwenye MikroTik ya Moshi:

/ip route add dst-address=9.9.9.9 gateway=203.0.113.1 scope=10
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 target-scope=11 check-gateway=ping

Badala ya 203.0.113.1, ambayo ni ya mifano tu, weka getiwei yako. Ruta itapima kila sekunde 10, na ikikosa jibu mara mbili inaiondoa difolti. OSPF inamaliza yaliyobaki. Nimechagua 9.9.9.9 kwa makusudi. Anwani unayopimia imefungwa kwenye faiba, na faiba ikifa haifikiki tena kupitia Moshi. Ukichagua 8.8.8.8, kompyuta za Moshi zinazoitumia kama DNS zitaganda wakati 4G inafanya kazi. Fanya kipimo cha namna hiyo Machame pia, kwa anwani nyingine, kwa sababu kifurushi kikiisha modemu nyingi huendelea kuonyesha kwamba zimeunganishwa. Na muulize anayekuuzia 4G data yake inatokea bahari gani. Kama ni waya uleule wa faiba yako, akiba hiyo ni ya mvua tu.

Suala la gharama ya njia lipite haraka. Tangazo la aina ya 2 linaangalia kwanza gharama iliyotangazwa, na gharama ya njia ya ndani inaamua zikilingana tu. La aina ya 1 linajumlisha vyote. Kwa mkuu na akiba, aina ya 2 inatosha: Moshi 10, Machame 100.

Milango ya watumiaji iwe kimya, yaani OSPF isisalimiane na mtu huko, na redio zote ziwe na nywila ya uthibitisho. Mtu akichomeka ruta yake kuukuu yenye always ndani, shule nzima itaelekezwa kwenye kabati lake.

Kisha jaribu, na usijaribu kwa kuzima ruta. Chomoa faiba nyuma ya kisanduku, ili waya wa kwenda kwenye ruta ubaki hai. Kaa Kibosho ukifuatilia njia hadi hatua ya pili ibadilike kutoka Moshi kuwa Machame. Ikibadilika lakini kurasa hazifunguki, angalia NAT ya Machame. Mara nyingi imeandikiwa mtandao wa zahanati peke yake, na pakiti za shule zinatoka na anwani za ndani zisizorudi. Zima pia mawimbi ya redio moja, si umeme wake. Mlango wa ruta utaonyesha kwamba waya upo, kwa hiyo OSPF itasubiri sekunde 40 za ukimya kabla ya kukata tamaa. Mimi sizipunguzi: mvua ikinyesha, salamu mbili tatu hupotea, na sitaki mtandao uyumbe kila wingu likishuka.

Mwisho rudisha faiba na usubiri Machame inyamaze. Ruta za aina mbalimbali hazifanani hapa. Iliyokwisha kujitangaza inaweza kukataa kusikiliza difolti ya mwenzake. Kesho yake asubuhi angalia salio la kifurushi cha 4G. Kama linashuka na faiba iko hewani, kuna mtu bado anatokea Machame.