Chanzo Kwanza, Jiko Baadaye

Chemsha maji ya kunywa. Kila kaya ya Shinyanga na Geita imeusikia ushauri huo kliniki, shuleni, au kwenye gari la matangazo linalopita mtaani kipindupindu kinapobisha hodi. Ni ushauri sahihi, na kijitabu hiki kinauunga mkono. Lakini unaanzia jikoni, na katika ukanda wa dhahabu yako maji yaliyokwisha kuharibika kwa namna ambayo moto hauwezi kuitengeneza. Tunachotaka kukushawishi ni mpangilio wa maamuzi: wakati wa dharura, amua kwanza utateka wapi, kisha ndipo uamue utayatibu vipi. Anayeugeuza mpangilio huo anaweza kuchemsha kwa bidii, akamaliza kuni zote, na bado akawanywesha watoto sumu.

Dharura huku kwetu zina sura nyingi. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria, yanayosafishwa Ihelele wilayani Misungwi, yanaletwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA hadi Kahama na Shinyanga, na familia nyingi zimeacha visima vya zamani. Siku bomba kubwa likipasuka au umeme ukikosekana, wanavirudia ghafla bila kukumbuka kipi kilikuwa kizuri. Mvua kubwa ikinyesha, vyoo hufurika na marudio ya machimboni, yaani mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, husombwa hadi mitoni. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likafunika mashamba na makazi. Ukame nao huwafanya watu wafukue mchanga wa mito iliyokauka, au wagombee lambo moja na ng'ombe. Katika hali zote hizo kaya hubadili chanzo ndani ya siku moja, tena kwa haraka na kwa kiu. Hapo ndipo hatari huingilia.

Hatari ya kwanza ni vijidudu, na ndiyo inayoua kwa kasi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea karibu Tanzania Bara yote, ukawapata zaidi ya watu 20,000. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ugonjwa huo ulirudi, na mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika. Machimbo madogo ni mahali rahisi kwa ugonjwa wa namna hii: watu wengi hukusanyika kwa wiki chache palipotangazwa dhahabu, vyoo havijachimbwa, na maji yananunuliwa kwa dumu bila kujulikana yametoka wapi. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza maji ya mwili kiasi cha kufa ndani ya saa chache asipotibiwa. Vijidudu hivyo moto huviweza kabisa, na klorini pia huviweza.

Hatari ya pili ni madini na kemikali. Kwenye mialo ya kuoshea dhahabu ya Lwamgasa, Nyarugusu na kwingineko, wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki kukamatia dhahabu kwa miaka mingi. Zebaki nyingi hubaki kwenye marudio na kwenye tope la vijito, ambako bakteria huweza kuigeuza kuwa aina inayoingia kwenye samaki na kuudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kule Minamata, Japani, ugonjwa unaotokana na zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya watu kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini marudio ya miaka iliyopita bado yapo, na mvua haisomi mikataba. Miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba pia arseniki, na watafiti wameikuta katika baadhi ya maji ya Geita kwa kiwango kinachozidi mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi haitokani na uchimbaji. Imo ardhini kiasili, na baadhi ya visima vya Shinyanga vinazidi miligramu 1.5 kwa lita, hali inayotia meno rangi ya kahawia na, baada ya miaka mingi, kuharibu mifupa. Vitu hivi havina uhai wa kuuliwa. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke, na arseniki na floraidi vinabaki sufuriani vikiwa vimekolea zaidi.

Sayanaidi inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu haingoji miaka. Hutumika kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio, na inaweza kuua mtu kwa muda mfupi sana. Maji yaliyotuama karibu na mitambo hiyo yanaweza kuwa meupe na kuvutia kuliko ya kisimani, na si kila mtu anayeweza kuisikia harufu yake, hivyo usiyanuse wala kuyaonja ili kujua. Samaki wanaoelea, ndege au mifugo iliyokufa kando ya maji ni onyo la kutosha. Maji hayo usiyachemshe, maana mvuke wake nao ni sumu. Usiyatie jiki ukidhani utayaponya. Yaache, wazuie watoto na mifugo, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa.

Sasa swali la wapi pa kuteka. Chanzo cha kwanza ni maji ya mamlaka, yawe ya bomba au ya gari lililotumwa na mamlaka yenyewe, maana yamepimwa na kwa kawaida yana klorini. Muuzaji wa maji kwa mkokoteni muulize ametekea wapi. Kama hana jibu, yahesabu kuwa ya mtoni. Maji ya mvua tunayaweka juu kuliko wengi wanavyoyathamini. Yanayotoka kwenye bati safi hayajagusa udongo wa machimbo, na hayana floraidi ya ardhini. Yana sharti moja: dakika za mwanzo za mvua, hasa baada ya kiangazi, ziache zioshe bati na mfereji, kwa sababu vumbi la makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, hutua huko, na panapochomwa dhahabu jirani, zebaki iliyopaa hutua pia. Kama uchomaji huo unafanyika uani kwako au kwa jirani wa karibu, usikinge kabisa. Kinachofuata ni kisima kirefu cha pampu ambacho kimewahi kupimwa, kisha kisima cha kawaida kilichoko upande wa juu wa mteremko, mbali na mwalo, na angalau mita 30 kutoka chooni. Mto na lambo ni vya mwisho. Maji ya duara (shimo la machimbo) lililoachwa, ya mtaro wa karasha, na ya bwawa lolote la mgodi hayamo kwenye orodha hii hata kama ndiyo ya karibu.

Wapo watakaouliza: kama moto hauondoi zebaki, kuna faida gani kuchemsha? Jibu liko kwenye kasi ya hatari zenyewe. Floraidi, arseniki na zebaki kwa viwango vinavyopatikana visimani hudhuru kwa kurudiwa kwa miezi na miaka. Kipindupindu hudhuru leo usiku. Kaya ambayo kwa siku tano haina ila kisima chenye floraidi itumie kisima hicho, iyachemshe maji au kuyatia klorini, na isione kuwa imekosea. Hiyo ndiyo hekima ya kupanga vyanzo: inakuruhusu kukubali ubaya mdogo kwa muda mfupi, na kuukataa ule usiokubalika hata kwa saa moja. Wengine watasema wazee walikunywa maji haya na wakaishi. Wako walioishi, lakini watoto waliozikwa kwa kuhara hawapo kutoa ushahidi wao. Tena maji yenyewe si yale, kwa kuwa wazee wengi walichota kabla ya karasha na sayanaidi kufika kijijini.

Ukishapata chanzo, maji yenye tope yaache yatulie usiku kucha, uyamimine taratibu, kisha uyachuje kwa kitenge safi kilichokunjwa mara nne au zaidi. Si jambo dogo. Huko Matlab, Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliona kipindupindu kikipungua kwa karibu nusu katika vijiji ambavyo wanawake walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa. Kwa maeneo ya machimbo kuna faida ya ziada: sehemu ya zebaki na arseniki husafiri imeshikamana na chembe za tope, kwa hiyo tope likibaki chini nayo hupungua. Iliyoyeyuka haitoki kwa kitambaa, na ndiyo maana kuchuja hakuhalalishi chanzo kibaya.

Baada ya kuchuja, chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Kwa mwinuko wa Shinyanga na Geita, ulio chini ya mita 2,000, hiyo inatosha, na anayeacha sufuria ichemke dakika ishirini anachoma mkaa bure. Gharama ya kuni ndiyo hoja nzito kuliko zote, na haifai kuipuuza. Inajibiwa kwa kuchemsha maji ya kunywa, ya kupiga mswaki na ya kuoshea matunda tu, wala si ya kufulia. Mahali kuni hazipo, vidonge vya klorini ni nafuu: fuata maelezo ya pakiti, maana kidonge kimoja hutengenezwa kwa ujazo maalumu, na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Jiki isiyo na manukato wala rangi inaweza kutumika, matone 2 kwa lita kama chupa inaonyesha nguvu ya asilimia 5 hadi 6, lakini nyingine dukani ni hafifu zaidi, na ndiyo sababu tunapendelea vidonge. Pasipo na vyote viwili, jua la Shinyanga lipo: jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu.

Kuna uvumi kwamba klorini huletwa kuharibu uzazi. Ni hiyo hiyo iliyomo kwenye maji ya bomba yanayonywewa Dodoma na Dar es Salaam, na viongozi na raia pia, na duniani kote kwa zaidi ya miaka mia moja. Harufu yake hupungua ukiyaacha maji kwenye chombo kilichofunikwa kwa saa kadhaa. Watoto wakikataa ladha, wapewe yaliyochemshwa, na klorini ibaki kwa watu wazima.

Maji yaliyotibiwa huharibikia zaidi nyumbani kuliko njiani. Mkono unaochovya kikombe ndooni unarudisha vijidudu vyote, kwa hiyo yahifadhi kwenye dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye kifuniko na bomba. Katika nyumba za wachimbaji kuna kosa jingine linalozungumzwa kidogo mno: karai lililochanganyiwa zebaki, sufuria iliyochomewa dhahabu, na dumu lililobeba kemikali za mgodini kurudi jikoni baada ya kuoshwa kwa sabuni. Chombo cha namna hiyo hakirudi jikoni kamwe. Kitoboe, ili hata mgeni asikitumie. Na mtu akianza kuhara maji mfululizo, mpe mchanganyiko wa ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, huku safari ya zahanati ikianza mara moja.

Dharura ikipita, kazi iliyobaki ni ya kijiji kizima: kujua visima vyake kabla ya siku ya haja. Jumuiya ya watumia maji inaweza kuiomba RUWASA, wakala wa maji vijijini, ipime kila kisima. Ombi litaje kwa majina arseniki, zebaki na floraidi, maana kipimo cha vijidudu peke yake hakisemi lolote kuhusu vitu hivyo. Matokeo yapakwe kwa rangi kwenye pampu yenyewe, pamoja na tarehe ya kipimo, mahali ambapo mtoto aliyetumwa maji ataweza kuyasoma.