Ndege Wageni wa Mto Nzoia

Mwezi wa Machi na Aprili, tukipita kinjia cha kando ya Mto Nzoia kule Bunyala, tunaona mbayuwayu na vitwitwi wakila wadudu mbiombio. Wanajinenepesha kwa safari. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini huvuka majangwa kwenda Ulaya na Asia kutaga mayai, baridi ikiisha huko.

Tatizo ni kwamba wako watu hapo Bunyala ambao wamewahi kutega ndege kwa dawa ya wadudu, wakauza nyama. Tusijidanganye: sumu iliyomwua ndege yaweza kumdhuru mlaji pia.

Swali la kujadili: Tukiuziwa ndege kwa bei rahisi, je, tunauliza alikufaje?